Mtu wa benki kwani hana mdomo?

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu huku Newala, gazeti linatufikia wakati nyie wa Dar mshalifungia maandazi, lakini tunalisoma hivohivo.

Naandika kwasababu ya ubishi uliotokea huku kwetu. Kuna kijana wa jirani yangu anafanya kazi benki, juzi kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi cha wakulima akasimama akauliza haya makato kwenye hela ya korosho mbona mengine hayana maelezo. Mzee mmoja akamkatisha, we mtu wa benki baki na hesabu zako siasa waachie wenyewe. Watu wakacheka, kijana akakaa. Jioni kwenye kahawa karibu wote wakasema mzee kasema kweli, benki na siasa wapi na wapi, nikabisha peke yangu nikawatajia Mtaliano mmoja anaitwa Ugo La Malfa, wakadhani beki wa AC Milan.

Sasa huyo jamaa kazaliwa Palermo, kisiwani Sicily, mwaka 1903, baba yake polisi. Sicily ni kusini ya Italia, na kusini ya kwao ni kama kusini yetu tu, ukisema umetokea kule watu wanaanza kukuangalia viatu. Akaenda kusoma Venice, 1922 yule dikteta Mussolini akashika nchi, dogo akaingia kwenye kundi la Giovanni Amendola lililokuwa linampinga, na huyo Amendola walimpiga mpaka akaja kufa kwa majeraha 1926. 1928 bomu likalipuka kwenye maonyesho ya biashara Milan, ikawa kamatakamata, La Malfa naye akazolewa.

Mtu mwenye faili la hivyo nani atampa kazi? 1933 akamchukua Raffaele Mattioli, bosi wa Banca Commerciale Italiana pale Milan, akamuweka ofisi ya utafiti. Hapo ndo penye utamu wenyewe, maana ofisi ile hahesabu noti mtu, ni makaratasi tu, bei, viwanda, mauzo ya nje, yani nchi nzima imelala mezani kwa tarakimu wakati kule nje Mussolini anahutubia. Mkuu wa ofisi alikuwa Antonello Gerbi, Myahudi, 1938 zikaja zile sheria za ubaguzi benki ikamtorosha kijanja kwa kumpeleka kazini Peru, kiti akakalia La Malfa. Na akiwa bado mtu wa benki hivyohivyo, 1942 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha siri, Partito d'Azione, na Januari 1943 likatoka gazeti lao la siri, L'Italia Libera (hilo mhariri halikuwa na matangazo ya biashara wala ukurasa wa michezo). Polisi wakaanza kumsaka akakimbilia Uswisi, alafu akarudi Rome kuendelea na mapambano.

Vita vimeisha akawa waziri, tena mara nyingi, ingawa chama alichohamia cha Republican kilikuwa kidogo siku zote. Mimi nampendea ya 1962. Ni waziri wa bajeti, uchumi wa Italia unapaa, kila mtu anapiga makofi, yeye akapeleka bungeni waraka unaosema ndio tunakua, lakini kusini mnaiacha nyuma na soko peke yake halitaifikisha popote. Aliyazungumza kwa tarakimu, sio kwa kulia. Malaika hakuwa lakini, maana huyuhuyu ndo alikomaa TV ya rangi isiingie Italia eti watu watamaliza hela, wakaipata rasmi 1977 wakati Zanzibar washaizoea. Kafa Machi 1979 akiwa naibu waziri mkuu.

Nirudi Newala. Baada ya ule ubishi nilimwita yule kijana nyumbani, nikatoa stakabadhi yangu ya msimu uliopita kwenye kopo la maziwa ya unga, wino ushaanza kufifia. Korosho kilo 318, bei ya mnada, alafu makato yamepangwa chini kama ngazi, la mwisho limeandikwa "mengineyo". Nimekaa na hiyo karatasi miezi saba sikuona kitu. Yeye kaishika dakika mbili akasema babu, hayo mengineyo yamezidi ya usafiri. Usafiri mhariri! Na lori limetoka huku mpaka ghalani!

Kwahiyo ombi langu ni dogo. Kila mnada mnatuandikia bei ya juu na bei ya chini, tunashukuru, basi wekeni na makato ya kila chama pembeni, moja moja kwa jina lake. Mkutano mwingine ni mwezi ujao, kijana anasema haji tena, mimi naenda na karatasi yangu, ila macho yangu hayasomi vizuri herufi ndogo na nitahitaji mtu wa kunisomea.

Mstaafu,
Newala, Mtwara