Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Mtwara: dawa za miti kwa mifugo zipimwe jinsi zinavyotumika

Ndugu Katibu Tawala,

Mfugaji wa Tandahimba akiloweka mwarobaini au gome la mkorosho kwa ajili ya kuku wake, hutumia maji ya kisima. Maabarani mara nyingi hutumika methanoli au ethanoli, ambazo hukamua kemikali ambazo maji huziacha kwenye majani. Tunaomba uagize kwamba mmea wowote upimwe kwa maji kabla maafisa ugani hawajaupendekeza. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo hapa Mtwara.

Majani yakaushwe kivulini, yasagwe, kisha gramu 100 za unga zilowekwe kwenye lita 1 ya maji kwa saa 24, ndani ya friji. Yakiachwa mezani kwa joto letu yatachacha, na asidi ya uchachu huua bakteria. Mtausifu mti kwa kazi ya siki. Kuchemsha nako kwaweza kuharibu kile kinachotafutwa, hivyo ili kuondoa vijidudu yachujwe kwa chujio la mikromita 0.22.

Bakteria watoke kwa wanyama wa huku: Salmonella ya homa ya matumbo ya kuku, Staphylococcus aureus ya ugonjwa wa kiwele. Wingi wao ulingane na McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa bakteria kwenye maji), takriban milioni 150 kwa mililita. Wakizidi, dawa nzuri itaonekana dhaifu. Pembeni, kwa kulinganisha, iwepo antibiotiki ya gentamisini, na maji matupu.

Linalopotosha zaidi ni kipenyo cha duara lisiloota bakteria kuzunguka dawa kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria. Tanini za mkorosho husambaa humo kwa shida, kwa hiyo duara dogo si ushahidi wa udhaifu. Kipimwe kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota, dawa ikipunguzwa nusu kwa nusu. Ikihitajika miligramu 5 kwa mililita, labda itafaa kuoshea kidonda; kwenye damu ya ng'ombe haifikii kiasi hicho. Antibiotiki huhesabiwa kwa mikrogramu.

Mdondo (kideri) wa kuku usiingizwe humu kabisa. Ni virusi, na shubiri mwitu haishiki nafasi ya tone la chanjo ya I-2 jichoni kila baada ya miezi 3.

Agizo lifike halmashauri zote kwa maandishi, na kila kipeperushi cha ugani kitaje sehemu ya mmea, uzito wake, maji yaliyotumika na bakteria aliyepimwa.

Wataalamu wa maabara na ugani wa mifugo, Mtwara