Seva imejaa? Nafasi ndo tatizo dogo

Wateja wengi wakitupigia wanalalamikia kitu kimoja tu, nafasi imejaa. Saiti inagoma kupokea picha, imeili haziingii, hostingi imeshatuma onyo. Sawa, lakini diski unaweza kuongeza, kinachotutisha sisi ni vile vitu vilivyolala humo ndani ambavyo mtu yeyote mwenye brauza anaweza kuvifungua.

Ingia public_html, yani folda ambayo vilivyomo vinafunguka mtandaoni, ya kampuni iliyopita mikononi mwa mafundi kadhaa. Utakuta index_old.php, index_old2.php, folda inaitwa test, nyingine inaitwa mpya, na ndani ya hiyo mpya kuna tovuti nzima ya zamani. Kila fundi alikuta fujo akaogopa kugusa, akapachika yake juu, na hatuwalaumu maana hakuna anayelipwa kufuta.

Sasa chukua wp-config.php.bak, yani nakala ya faili la mipangilio la WordPress. Seva inajua faili linaloishia na .php linaendeshwa, halionyeshwi, ila ukishaliongezea .bak mwishoni, kwenye seva nyingi linageuka maandishi ya kawaida, yani mtu akiandika anwani yake anasoma kila kitu, jina la database, yuza na paswedi. Na wala hahitaji kubahatisha, kuna roboti zinazunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu majina hayohayo, backup.zip, db.sql (nakala ya database), .git (historia ya kodi), fungua logi ya seva yako, rekodi ya kila anayeomba faili, utaziona. Kuna wanaoyaorodhesha mafaili hayo kwenye robots.txt, faili linaloambia roboti za Google na wenzake zisipite wapi, eti yasionekane, wakati robots.txt yenyewe iko wazi kwa kila mtu, ni kama kumwandikia mwizi orodha ya vyumba. Plagini nazo, vile viongezo vya tovuti, kuizima sio kuitoa, mafaili yake bado yapo na tundu likigundulika yanaweza kuitwa moja kwa moja.

Tukija kusafisha seva, kabla ya kugusa chochote tunachukua bakapu kamili, inakaa nje ya seva hiyo, na tunajaribu kuirudisha kwanza maana bakapu ambayo haijajaribiwa hatuihesabu. Halafu hatufuti kwa kuangalia tarehe. Tarehe inakwambia faili lilibadilishwa lini, haikwambii linatumika au la, faili la 2014 linaweza kuwa ndo linalotoa ankara kila mwisho wa mwezi. Logi inasaidia ila haioni yote, kazi nyingi za kroni, zile zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba, hazipiti kule na mafaili yanayoitwa na kodi nyingine hayaonekani, kwahiyo tunatafuta jina la faili ndani ya kodi, ndani ya database na kwenye kroni pia.

Likionekana halina mwenyewe tunalihamishia folda iliyo nje ya public_html, tunasubiri mwisho wa mwezi upite huku tukiangalia 404, yani maombi ya faili lisilopatikana. Ikiwa watu wa kweli wanalitafuta, labda ni PDF iliyotumwa kwa wateja zamani, linarudi au tunaweka 301, yani kumwelekeza mtu moja kwa moja, kwenda ukurasa mpya. Ila backup.zip na wenzake haya hayasubiri, yanaondolewa hadharani siku ileile.

Kuhusu nafasi yenyewe, mara nyingi mlaji ni error_log, faili linalorekodi makosa, ukiifungua ni onyo lilelile la PHP linajirudia mpaka macho yanauma, na kuifuta tu ni bure, itajaa tena mpaka kodi inayolalamika irekebishwe. Na usishangae GB zipo ila seva inagoma, hostingi nyingi za kushea zinahesabu pia idadi ya mafaili, na folda ya kache (nakala za muda za kurasa) inaweza kumaliza hiyo hesabu kimyakimya.

Tukikuta db.sql ilikuwa wazi, tunachukulia imeshapakuliwa. Paswedi zinabadilishwa zote, na kama mlikuwa na taarifa za wateja humo tunakaa na bosi kwanza.

Toka kwenu tunahitaji mtu mmoja anayejua nani anatumia nini, si lazima awe wa IT, mara nyingi ni yule wa uhasibu.