Klabu nne za nini, mwanangu?

Tukuyu

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika hata kanga.

Unasema unataka kuingia skauti, mazingira, mdahalo na Msalaba Mwekundu kwa mpigo, kwa sababu mmesikia vyuo vya Marekani vinapenda wanaojitolea. Taratibu, mama. Hapa kwetu, iwe chuo cha ualimu cha Mkwawa au kile chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, mlango unafunguliwa na matokeo ya Kidato cha Sita. Kwa hiyo Fizikia kwanza.

Marekani ndiko wanakouliza kuhusu shughuli za nje ya darasa. Mjomba wako alinionyesha fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya huko. Ina nafasi ya shughuli 10, kila moja unaieleza kwa herufi zisizozidi 150, halafu unataja saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Meseji zako za kuomba hela ni ndefu kuliko hapo! Mwenye klabu nne ataandika nini zaidi ya "nilikuwa mwanachama"?

Wewe la kuandika unalo. Wale watoto unaowakusanya kila likizo kwenye baraza la ofisi ya kijiji, na ule mlango mbovu mliopaka rangi nyeusi ukawa ubao. Yule mtoto wa jirani aliyekuwa akishika kitabu kichwa chini miguu juu, juzi kamsomea bibi yake tangazo la mbolea ya ruzuku, neno kwa neno, watu wamesimama. Andika hilo: ulianza na wangapi, nani sasa anasoma. Kilichonifurahisha zaidi, fomu hiyohiyo ina sehemu ya majukumu ya nyumbani. Kumuuguza bibi na kuchuma chai kunahesabika, ingawa sisi tuliona ni wajibu tu.

Tenga daftari uandike tarehe na saa, maana mwakani hutakumbuka. Barua ya mwalimu ya kukupendekeza nayo inatakiwa, basi ongea mapema na anayekufahamu vizuri, si lazima awe mkuu wa shule. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, na mtihani wenu ni Mei, hivyo kazi hiyo itakukuta katikati ya masomo.

Skauti ingia kama unaipenda. Hizo tatu nyingine niambie ukija likizo, tubishane.

Mama yako