Bagamoyo jua linatoka baharini

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kupiga picha za mitaani kwa kutembea kwa miguu mjini Campeche, Mexico, ilikuwa nzuri mpaka pale iliposhauri wasomaji wakafanye vivyo hivyo Bagamoyo. Wapo waliosikia. Jioni wanajipanga ufukweni kungoja machweo, na jua lenyewe liko mgongoni mwao, linazama nyuma ya mapaa ya mji.

Campeche imeielekea Ghuba ya Mexico upande wa magharibi, hivyo jua lao huzama baharini. Ndani ya ngome yao, iliyoanza kujengwa 1686 kuwazuia maharamia, nyumba zimepakwa njano, waridi na samawati. Mpiga picha anachagua ukuta, anangoja mtu apite. Huku kwetu bahari iko mashariki, na kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zimeshamomonyoka. Rangi ya Bagamoyo imevaliwa. Anayeitaka lazima amsogelee mtu.

Basi aje asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu awe karibu na soko la samaki. Karibu na ikweta jua hupanda wima, kwa hiyo mwanga laini haukawii kuisha. Ikifika saa tatu macho ya watu yamezama kwenye kivuli. Barabara ya India inakwenda sambamba na pwani: asubuhi nyumba za upande wa bara ndizo zinazopigwa jua usoni, alasiri ni zamu ya zile za upande wa bahari. Milango ya nakshi ina saa yake. Mlango unaotazama mashariki ukipigwa picha asubuhi na mapema, jua linauangaza moja kwa moja na nakshi yote inalala bapa. Ngoja saa nne au saa tano, mwanga wa jua unapoteremka juu ya mbao kutoka juu, kila ua lililochongwa litupe kivuli chake. Ndiyo saa ambayo wengi huambiwa wafunge kamera.

Kosa linaloharibu picha nyingi ni uso mweusi mbele ya ukuta mweupe. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, ukuta unakuwa kijivu na mtu anageuka kivuli. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kiooni kisha vuta mwanga juu. Kwenye kamera, ongeza fidia ya mwanga (kitufe cha +/-) kwa +0.7 hadi +1.3, ukuta uungue kidogo, si neno. Kwa lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili (full frame), tundu la lenzi f/8 na kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi, ukifunga fokasi kwenye mita 3 kila kitu kuanzia takriban mita 2 hadi 7 kitakuwa wazi, huna haja ya kuhangaika na fokasi kichochoroni.

Chumvi na mchanga navyo havina huruma. Puliza mchanga kwanza, ndipo ufute. Ukianza na kitambaa unaisugua lenzi kwa mchanga. Mwili wa kamera ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa ipate joto, la sivyo ukungu utaitanda lenzi na saa nzuri itakupita ukiifuta.

Tena kanga isikatwe kiunoni. Jina lake liko chini, karibu na pindo, na aliyeivaa aliichagua kwa maneno yale. Piga mpaka kwenye pindo la chini, lisomeke.

Na kuomba ruhusa. Kuwanyemelea watu kwa lenzi ndefu kutoka mbali mnadani kunaleta ugomvi, kwa haki kabisa. Weka kamera chini, mpe mkubwa shikamoo, ulizia samaki wa leo, ndipo useme "naomba nikupige picha". Akikataa, mshukuru upite. Mtoto anaombewa kwa mzazi wake. Akikubali, muonyeshe picha, na umtumie kwa WhatsApp hapo hapo kabla hujaondoka. "Nitakutumia" wavuvi wa Bagamoyo wameshaisikia sana.

Wapiga picha wa mitaani,
Bagamoyo