Mishumaa ya Blackfriars

Morogoro,
2 Juni

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na mama anauliza utakuja lini. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema kikundi chenu kimepewa lile ghala mligeuze ukumbi wa maigizo, na majirani wameshaanza kunung'unika. Papo hapo nikamkumbuka mzee James Burbage wa London.

Alianza kama seremala, kisha akawa mwigizaji. Mwaka 1576 alijenga jumba la maigizo lenye uwanja usio na paa. Mkataba wa ardhi ulipokaribia kwisha, mwaka 1596 alinunua kwa pauni 600 sehemu ya iliyokuwa nyumba ya watawa Wadominiko, mtaa wa Blackfriars, akatengeneza ndani yake ukumbi wa futi 66 kwa 46. Mtaa ule ulikaa wakubwa. Wakaandika malalamiko: msongamano, wazururaji, ngoma na tarumbeta. Waliotia saini ni pamoja na Lord Hunsdon, mlezi wa kundi lenyewe la waigizaji lililotarajia kuutumia ukumbi huo, kundi la Shakespeare, na Richard Field, aliyetoka mji mmoja na Shakespeare na ndiye aliyemchapia mashairi. Kundi likakatazwa. Mwanzoni mwa 1597 mzee akafariki, hajaona mchezo hata mmoja mle ndani. Kila nikifika hapo roho inaniuma.

Mwanawe Richard aliukodisha ukumbi kwa kundi la wavulana waimbaji. Mwaka 1608 ndipo ulipowarudia watu wazima, Shakespeare akiwa mmoja wa wabia saba, na hata hapo tauni ikawachelewesha kuanza.

Sasa nikwambie kuhusu mwanga, maana umeniuliza. Walitumia mishumaa, na mshumaa haujitunzi: utambi ukirefuka unatoa moshi, lazima ukatwe. Kugawa tamthilia sehemu tano ni jambo la tangu Warumi, lakini kusimama kweli kati ya sehemu na sehemu, wapiga muziki wakishika zamu huku mishumaa ikihudumiwa, ni desturi ya kumbi za ndani. Kundi la Shakespeare lilipohamia mle likaichukua, na baadaye hata Globe, jumba lao jingine lenye uwanja usio na paa, penye jua la Mungu, wakawa wanasimama vilevile! Kwa hiyo msilione pumziko kama muda uliopotea. Mtafutieni mpiga zeze mzuri.

Ila kiingilio ndicho kinachonisumbua. Globe ulisimama uwanjani kwa peni moja; Blackfriars nafasi ya chini kabisa ilikuwa peni sita. Mchuuzi aliyezoea kusimama karibu na jukwaa, mvua ikimnyeshea, hakuweza kuingia kwenye joto lile. Tafadhali, Rehema, hata mkiwa na viti vya wageni waheshimiwa, wekeni mikeka mbele kwa watoto wa sokoni. Na hao majirani waiteni kwenye mazoezi kabla hawajaandika barua yao.

Nijibu upesi, uniambie ghala lina madirisha mangapi.

Ni mimi rafiki yako,
Neema