Saratani changa ya umio haihitaji kisu peke yake

Mhariri,

Saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) ikiandikwa magazetini, anayezungumziwa ni mgonjwa ambaye ugali umeshaanza kumkwama. Kwa huyo, kuondoa uvimbe kwa kamera ya mdomoni, bila kupasua kifua, kwa kawaida wakati wake umeshapita. Njia hiyo, iliyokomazwa Japani tangu miaka ya 1990, ni ya saratani ambayo haijapenya chini ya utando wa ndani. Kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Malawi, ugonjwa huu ni mwingi, lakini hatua hiyo changa huponyoka kirahisi chini ya mwanga wa kawaida wa kamera. Nyunyizia iodini ya Lugol, asilimia 1 hadi 2: penye afya patakuwa kahawia, penye shaka patakataa rangi. (Muulize mgonjwa kwanza kuhusu mzio wa iodini.)

Kosa huanza uvimbe ukishaonekana. Mpimaji hunyofoa vipande vitano, sita vya kupeleka maabara, ati kwa uhakika. Kila kidonda huacha kovu, na kovu hugandisha utando kwenye msuli. Siku ya kuutoa, maji ya chumvi yenye adrenalini kidogo na rangi ya bluu yakidungwa chini yake, uvimbe hauinuki, na hapo ndipo kisu hutoboa. Kipande kimoja au viwili na picha safi vinatosha.

Kukata kwenyewe ni subira: alama milimita chache nje ya ukingo, dunga, kata kuzunguka, kisha chambua tabaka la chini huku ukiunguza mishipa kabla haijavuja damu. Tumia gesi ya kaboni dayoksaidi, si hewa. Umio ukitoboka, gesi hiyo hufyonzwa upesi, hewa hubaki kifuani. Jeraha likizidi robo tatu ya mzingo, tarajia umio kujibana wiki chache baadaye, hivyo steroidi, dawa za kuzuia kujibana huko, zianze mapema.

Kinachosahaulika zaidi ni kibao cha koki, gome laini la kutengenezea vizibo vya chupa. Nyama iliyotolewa ikitumbukizwa hivi hivi kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi, hujikunja, na kingo hazisomeki tena. Itandazwe juu ya kibao hicho, ipigwe pini kuzunguka, upande wa juu uwekewe alama, ndipo iingie formalini ya asilimia 10. Maabara iikate kila milimita 2, ipime kina: saratani ikizama zaidi ya mikromita 200 (sehemu ya tano ya milimita) chini ya utando, huenda imefika kwenye tezi za limfu, na mgonjwa anahitaji tiba zaidi. Ripoti inayosema tu "saratani, imeondolewa" irudishwe ilikotoka.

Mtaalamu wa endoskopi