Steringi hafi? Kwenye Logan hapo mmekosea mhariri

Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ingawa gazeti lenyewe huwa silinunui, nalisoma kijiweni hapa Mwanjelwa, mwenzetu mmoja analinunua alafu linazunguka bajaji zote mpaka linarudi kwake lina mafuta ya maandazi. Ndo hivyo nilivyoikuta ile makala ya ukurasa wa burudani, mwandishi wenu kazipanga muvi za X-Men, wale watu waliozaliwa na uwezo wa ajabu, kutoka nzuri mpaka mbovu, na Logan kaitupa namba saba, eti inachosha, eti ni mzee na gari na jangwa tu. Nikasema hapana, huyu lazima ajibiwe, na ushahidi ninao wa moto kabisa maana nimetoka kuziangalia zote kumi upya.

Ilikuwa hivi. Bajaji yangu iliua giaboksi katikati ya mvua za mwezi wa tatu, spea inasubiriwa kutoka Dar, fundi kila ukimpigia ni kesho. Mpwa wangu kafunga chuo kaja kukaa na sisi, ana kompyuta na flashi imejaa, akaniambia anko badala ya kukaa dirishani unahesabu matone tuanze X-Men ya kwanza mpaka ya mwisho. Tukachomeka kwenye tv ya sebuleni, mzee wangu yupo kwenye kiti chake na blanketi na soksi mbili mbili, si mnaijua baridi ya Mbeya mvua ikishika, tukaanza na ile ya 2000. Muvi za Deadpool, yule jamaa mropokaji, tuliziruka, yale matusi mbele ya baba yangu siwezi. The New Mutants ya 2020 nayo hatukuihesabu, mpwa aliiweka dakika ishirini akaitoa mwenyewe bila kuulizwa.

Sasa kabla ya kupanga lazima niseme natokea wapi, maana mwandishi wenu nahisi hakukulia kibanda umiza. Sisi tuliokaa kwenye yale mabenchi ya mbao, turubai juu, kiingilio shilingi mia, enzi za muvi za kutafsiriwa za akina Lufufu, tulikuwa na sheria moja tu: steringi, yani mhusika mkuu, hafi. Atapigwa, atatupwa kutoka ghorofani, atazikwa, lakini ukiona kafa tulia hapo hapo usitoke, atarudi. Na kila aliyechelewa kuingia swali lake lilikuwa moja, steringi nani? X-Men ilitusumbua hapo maana watu ni wengi, mara mzee wa kiti cha magurudumu anaongea, mara wa miwani anatoa miali machoni, mara dada anageuka rangi ya bluu, tukawa tunaangaliana tu, mpaka Wolverine alipotoa makucha kwenye ile baa ya Canada, benchi zima likapumua, haya, kapatikana. Na kweli jamaa hafi. Kwenye ya pili anapigwa risasi ya kichwa, anaanguka, alafu risasi inatoka yenyewe kwenye paji la uso inadondoka chini. Siku ile watu walisimama juu ya mabenchi.

(Cha kuchekesha, Hugh Jackman hakuwa chaguo lao. Walikuwa wameshampata Dougray Scott, akakwama kwenye kutengeneza Mission: Impossible 2, ndo Mwaustralia asiyejulikana akaitwa. Riziki ya mtu hiyo.)

Haya, tuanzie chini. Ya mwisho kabisa ni Dark Phoenix ya 2019. Stori ya Jean, yule dada wa nguvu za akili, kuzidiwa na nguvu zake ilishafanywa kwenye The Last Stand ya 2006 ikaharibika, na Simon Kinberg alikuwa mmoja wa wawili walioiandika. Miaka kumi na tatu baadaye akapewa stori ile ile aiandike na kuiongoza mwenyewe. Yani mtu karudia mtihani, maswali anayajua, na bado kafeli. Mpwa alilala. Mzee alilala. Mimi nilikuwa macho kwa sababu ya mbu tu.

Ya tisa ni ile ya Origins ya 2009 na hii inaniuma kidogo maana zamani niliiona kali kuliko zote. Hii ilivujishwa kama mwezi mzima kabla haijatoka, ikasambaa duniani ikiwa haijamalizwa, na mimi nakumbuka kabisa kopi tuliyoona sisi kibandani watu wananing'inia kwenye nyaya, milipuko mingine ni michoro ya kompyuta haina rangi. Tulimtukana mwenye kibanda kwamba katuuzia CD feki, akarudisha jero kwa baadhi ya watu, kumbe masikini ya Mungu kosa halikuwa lake. Sasa nimeiona iliyokamilika na ukweli ni kwamba bora hata ile ya nyaya ilikuwa na maajabu. Na nani alifikiria kumshona mdomo Deadpool, mtu ambaye kazi yake ni kuongea?

Apocalypse ya 2016 ya nane, nitamsemea Storm, yule dada wa mvua na radi, hapo mbele. The Last Stand ya saba, ina kipande kimoja tu kinachoishi, pale Magneto, adui anayevuta vyuma bila kuvigusa, anapong'oa daraja la Golden Gate na kulipeleka Alcatraz, lakini Cyclops, yule wa miwani, wanamuua mapema kama mbuzi wa sikukuu na hakuna anayelia. The Wolverine ya 2013, ile ya Japani, ya sita. Inaanza vizuri sana pale Nagasaki bomu linapodondoka, X-Men ya kwanza ya muongozaji James Mangold hii, ndo huyo huyo wa Logan, alafu mwisho wanaleta roboti la chuma inakuwa katuni. Ile ngumi ya juu ya treni ya mwendokasi mzee wangu aliamka akaikataa. Alifanya kazi TAZARA miaka mingi pale Iyunga, akasema juu ya behewa hata la mizigo upepo unakutoa, sembuse hiyo. Hatukubishana naye.

Ya kwanza ya 2000 naipa tano kwa heshima. Ukiirudia leo ni fupi, ngumi chache, bajeti unaiona ilivyobanwa, lakini ule mwanzo wa kambi ya Wanazi Poland 1944, kitoto kinatenganishwa na wazazi wake alafu geti la chuma linapinda, hapo ukamwelewa Magneto kabla hata hajawa Magneto. Adui mwenye sababu. Vibandani tulizoea adui anacheka tu.

First Class ya 2011 ya nne. Fassbender, Magneto wa ujanani, anapowawinda Wanazi Argentina nilitaka iwe muvi peke yake. Lakini nina kesi nayo. Yule Darwin, kijana mweusi ambaye uwezo wake wote ni mwili kujibadilisha ili asife, ukimtumbukiza kwenye maji anaota matamvua ya samaki, ndo wa kwanza kufa katika kundi lao! Mwenye kipaji cha kutokufa! Na aliyeigiza ni Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, jirani yetu kabisa. Mpwa anasema anko kwenye vikatuni Darwin yupo hai, nikamwambia mimi sikulipia vikatuni.

Na hapo hapo twende kwa Storm, ambaye mwandishi wenu kaandika safu nzima bila kumtaja. Huyu alipoingizwa kwenye vitabu vya katuni 1975 walimkuta Kenya, watu wanamwabudu kwa sababu analeta mvua, mama yake Mkenya baba Mmarekani. Halle Berry kwenye muvi ya kwanza alijaribu kuongea kwa lafudhi ya Kiafrika, kwenye ya pili akaitupa kimya kimya kama haikuwahi kuwepo. Muvi nne alizocheza hakuna hata moja iliyokuwa yake, anaitwa kuleta ukungu, anapeperusha mtu, anarudishwa pembeni. Apocalypse ndo ikajaribu, wakamfanya mtoto mwizi wa Cairo, nikakaa vizuri kwenye kochi, kumbe anakuja kusimama nyuma ya adui mwenyewe Apocalypse na nywele nyeupe mpaka mwisho. Mimi nikiangalia nje mvua inapiga bati siku ya nane nikasema huyu Mbeya angekosa kazi, huku mvua haiitwi, wampeleke Dodoma.

Nikirudi kwenye msitari, ya tatu ni Days of Future Past ya 2014, ambayo mwandishi wenu kaipa namba moja na simlaumu sana. Kile kipande cha Quicksilver, kijana wa mbio za ajabu, jikoni Pentagon, risasi zinatembea polepole kama konokono naye anaonja supu na kuwasogeza askari ngumi zao, tulikirudisha mara tatu na mzee akacheka kila mara kama ya kwanza. Ila hii ndo iliyoleta ugomvi ndani ya nyumba. Mwanzo wa The Last Stand Xavier, yule mzee wa kiti cha magurudumu, anatembea kwa miguu yake na Magneto kwenda nyumbani kwa Jean mdogo, wameandika miaka ishirini iliyopita. First Class inaonyesha kapooza miguu 1962 pale ufukweni Cuba. Mpwa akasema historia ilibadilishwa. Nikamwambia ilibadilishwa kuanzia 1973 Wolverine aliporudi nyuma, 1962 hakuna aliyeigusa. Akafikiria akasema labda alichoma ile dawa ya kumtembeza. Nikamwambia dawa ile inazima uwezo wake, na pale kwa akina Jean anaongea na mtoto kichwani bila kufungua mdomo, sasa? Akasema anko nenda kalale.

X2 ya 2003 namba mbili. Hamna cha kuongeza. Nightcrawler anaingia Ikulu ya Marekani kwa kuyeyuka na kutokea, Magneto anatoka kwenye gereza la plastiki kwa kuvuta madini ya chuma kutoka kwenye damu ya askari wa gereza. Ukitaka kumwonyesha mtu asiyependa haya mambo muvi moja tu, mpe hiyo.

Sasa Logan.

Mhariri, mwaka 2029, Wolverine, ambaye Logan ndo jina lake, ni dereva wa kukodiwa. Hicho ndo mwandishi wenu hakukiona. Steringi wetu wa benchi la mbao anavaa suti iliyochoka, anawabeba walevi na watu wa harusi na wa msiba, anahesabu pesa, na pesa hiyo anaipeleka kwa jamaa wa hospitali anayemuuzia dawa kwa mlango wa nyuma. Dawa za nani? Za Xavier. Mzee kapita miaka tisini, ile akili iliyokuwa inasoma dunia nzima imeugua, akishikwa na kifafa watu wote waliomzunguka wanaganda hawawezi kupumua, kwa hiyo kafichwa ng'ambo ya mpaka, Mexico, ndani ya tenki bovu la maji. Na anatukana. Na anasahau. Na Logan anambeba mikononi kumpeleka chooni huku wanagombana.

Mimi baba yangu alikuwa anajua saa ya kila treni inayopita Iyunga, usiku ukimwamsha anakwambia ile ni ya mizigo imechelewa dakika arobaini. Sasa hivi kuna siku ananiita dereva. Hajasahau kwamba nipo, jina ndo limekimbia, basi anashika kile anachokiona, ufunguo wa bajaji mkononi. Dereva, umerudi? Nimerudi baba. Dawa zake ni za kila mwezi, na bajaji ikiwa imelala siku kumi na tisa kwa fundi najua kila kidonge ni tripu ngapi za Mwanjelwa kwenda Ilemi. Sasa mtu akiniambia hiyo muvi ni mzee na gari tu namjibu ndio, ni mzee na gari tu, wewe ulitaka nini kingine?

Na ndio, steringi anakufa. Nilijua toka 2017, vijana kijiweni walishaniharibia, na bado nilikaa nasubiri ainuke kama tulivyofundishwa. Yule mtoto Laura, mwenye makucha kama yake, anaung'oa msalaba kaburini anaulaza upande uwe X na kofi halikupigwa, mpwa alikuwa anajifanya anatafuta chaja. Hawa waandishi wake walipata hadi kupendekezwa kwenye tuzo za Oscar kwa uandishi wa stori iliyotoholewa, wa kwanza kwa muvi ya mashujaa wa aina hii kwenye kundi lile, kwa hiyo siyo mimi wa bajaji peke yangu. Namba moja, na hizo nyingine sita mlizoziweka juu yake zishuke.

Ombi langu ni dogo, mkipanga tena msimwachie mtu aliyeangalia nusu. Na Storm mumpe hata aya moja.

Bajaji imepona juzi. Asubuhi natoka mzee akaniita, dereva, hebu njoo. Nikaenda. Akaniuliza yule wa makucha, dawa ya mzee wake aliipata? Nikamwambia aliipata baba. Akasema haya nenda, barabara ina utelezi.

Ndaga fijo,
Dereva wa bajaji,
Mwanjelwa, Mbeya.